Kabaka Aliyefunga Ramadhani, na Swali la Nani Ni Muumini

Mwaka 1867 Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alifunga Ramadhani, na kwa karibu miaka kumi baada ya hapo hakuiacha. Alijifunza kusoma Kiarabu kwa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani na Zanzibar, akajenga msikiti kwenye ikulu yake, akawaamuru watu wake waswali na wafunge, na baadhi ya waliokaidi akawaua. Halafu, katikati ya miaka ya 1870, Kabaka huyohuyo akaamuru vijana wa Kiislamu wa ikulu yake wapelekwe Namugongo wakauawe.

Vijana wale walikuwa wamesoma kumzidi. Walimu waliofika kutoka Sudan, iliyokuwa chini ya Misri, waliwafundisha mambo ambayo wafanyabiashara wa pwani hawakuyatilia mkazo. Wakaanza kukataa nyama ya ikulu kwa kuwa wachinjaji wa Kabaka hawakutahiriwa. Wakasema msikiti wa ikulu haukuelekezwa kibla. Mwisho wakakataa kuswali nyuma ya Mutesa, kwa sababu yeye mwenyewe, aliyekuwa akipenda kuongoza swala, hakuwa ametahiriwa. Wala hakuweza kutahiriwa, maana kwa mila ya Buganda damu ya Kabaka haimwagwi.

Waislamu wa Uganda wanawakumbuka vijana hao kama mashahidi, na wanastahili heshima hiyo. Lakini ndani ya kisa chao mna swali ambalo nchi yetu hadi leo haijalimaliza. Kwa midomo yao, Mutesa na vijana wale walikiri jambo lilelile: hapana mola ila Allah, na Muhammad ni mtume wake. Wote walifunga, wote walielekea kuswali. Katika itikadi hapakuwa na neno lililowatenga. Kilichowatenga ni tohara, kichinjo na upande wa kibla. Je, Mutesa alikuwa Mwislamu?

Ukiwauliza wanazuoni, jibu si gumu kama vijana wale walivyodhani. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na huku kwetu, yanasema tohara ni wajibu. Wahanafi na Wamaliki wanaihesabu kuwa sunna iliyosisitizwa. Iko riwaya kutoka kwa Ibn Abbas inayokataa kichinjo cha asiyetahiriwa, lakini wanazuoni walio wengi hawakuishika. Hakuna madhehebu hata moja kati ya yale manne yanayosema kwamba mtu aliyetamka shahada kwa kuikusudia ametoka katika Uislamu kwa sababu tu hakutahiriwa. Mutesa, kwa kipimo hicho, alikuwa Mwislamu mwenye upungufu mkubwa, na dhambi ya kuua watu ni kubwa mno kuliko ya govi. Ni ajabu kwamba katika hoja zote za wakati ule, hakuna iliyoshika nafasi ya kwanza kuhusu damu aliyokuwa akiimwaga. Na mwonyaji wa kwanza alikwisha kupita zamani: mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alisimama mbele ya Suuna, baba yake Mutesa, akamwambia kwamba watu anaowaua ovyo wameumbwa na Mungu. Somo la kwanza la Uislamu katika Buganda lilikuwa hilo, na halikuhusu tohara hata kidogo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Ungamo linalomwingiza mtu katika dini ni fupi, na lazima libaki fupi. Dini zenyewe ndivyo zilivyoliweka. Uislamu una shahada, sentensi mbili. Ukristo una imani ya mitume na ubatizo kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kila linalozidi hapo ni la kufundishwa, la kubishaniwa, la kuonyana hata kwa ukali, lakini si la kumfutia mtu jina lake la dini. Na nikiangalia historia ya Uganda naona kwamba mara nyingi wanaorefusha orodha ya masharti huwa wanagombea kitu kingine: cheo, ardhi au mimbari.

Kuna jibu la haraka ambalo wasomi wetu wanalipenda siku hizi, kwamba imani haina uzito, dini ni matendo na jamii tu. Silikubali, na sababu yangu iko Mbale.

Mbale ni mji ulioanzia kwenye makao ya Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha akaona hawakumlipa alichotarajia. Alikuwa Mprotestanti wa misheni ya CMS, yaani ya Kianglikana. Karibu mwaka 1913 alijiunga na Wamalaki, watu wa Malaki Musajjakawa, waliokataa madaktari na dawa kwa sababu Mungu peke yake ndiye mponyaji. Aliendelea kusoma Biblia kwa makini, na aliposoma amri za Musa akasema ni za kufuatwa kama zilivyoandikwa. Mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akakubali: kama ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Wakati huo, kwa kadiri tujuavyo, hajawahi kuishi na Wayahudi wala kufundishwa nao.

Sasa tazama mlima Elgon ulio juu ya mji huo. Wagisu wanatahiri vijana wao kila mwaka wa shufwa, kwenye imbalu, na uwanja wa Mutoto hujaa watu. Mgisu akishasimama bila kutikisika mbele ya kisu amekuwa mwanamume wa Bugisu. Jumapili inayofuata anaweza kuwa kanisani kwa Waanglikana, na hakuna anayemuuliza habari ya Ibrahimu. Chini ya mlima uleule Mwislamu anamtahiri mwanawe kwa sunna ya Mtume. Na kwenye kilima cha Nabugoye Abayudaya, watu wa Kakungulu, wanamtahiri mtoto wa siku nane kwa agano la Mungu na Ibrahimu. Tendo ni moja. Ukilitazama kwa macho tu, hutajua nani ni nani. Kinacholipa maana ni kile mtu anachokikiri anapolifanya. Ndiyo maana nasema imani haiwezi kuondolewa katika hesabu: bila ungamo, tendo halijui ni la dini gani.

Lakini Abayudaya hao hao wanatufundisha upande wa pili. Mwanzoni walikuwa wakichanganya. Walishika Sabato ya Jumamosi na sheria za chakula, na bado walibatiza na kumtaja Yesu, mpaka mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef alipokutana nao karibu mwaka 1920 akawaonyesha sala na kalenda, na yapi si ya Kiyahudi. Kakungulu akaandika kitabu cha maagizo kwa Kiganda mwaka 1922, na akafa mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi walijiunga na Ukristo au Uislamu, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mamia machache. Hao wachache walikuwa wamesali kwa siri kwa miaka. Mwaka 2002 marabi wa Kikonservativu, tawi mojawapo la Uyahudi, walifika kutoka nje wakawaingiza rasmi kwa utaratibu wa kuzamishwa majini. Baadhi ya wazee walihoji: mtu aliyezaliwa katika Sabato, aliyeificha Torati wakati wa Amin, anaingizwa wapi tena? Kundi la kijiji cha Putti likatafuta njia ya Kiorthodoksi. Gershom Sizomu akasomea urabi Marekani, akatawazwa mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho North. Mwaka huohuo wa 2016 Shirika la Kiyahudi likaitambua jamii hiyo. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ikakataa ombi la kijana mmoja wao la kuhamia huko chini ya Sheria ya Kurudi, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli.

Fikiria vizuri kinachotendeka hapo. Imani ya mtu yule kijana haikubadilika kati ya ofisi moja na nyingine. Mungu ni mmoja, Torati ni ileile, Ijumaa jioni mishumaa inawashwa vilevile. Chombo kimoja kinasema ni Myahudi, kingine kinasema siye. Kwa Wayahudi jambo hili lina mizizi mirefu, kwa kuwa kwao uzawa wa mama au uongofu mbele ya baraza la marabi ndivyo vinavyomfanya mtu awe wao, na hata mwanazuoni wao Maimonides alipoandika misingi yake 13 ya imani katika karne ya 12, wengine walibisha kama inafaa kuwa na orodha kabisa. Naheshimu utaratibu huo. Hata hivyo siwezi kuwaangalia watu waliohatarisha maisha kwa ajili ya Sabato halafu nikasema kilichokuwa kikikosekana ni saini.

Upande wa Wakristo, kila mwaka tarehe 3 Juni tunajazana Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, na sidhani tunatafakari kwa kutosha nani hasa tunawaadhimisha. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki lililofika mwaka 1879, walikuwa na sheria ngumu kutoka kwa Kardinali Lavigerie: mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Ilikuwa sheria ya busara, maana hawakutaka Wakristo wa jina. Kisha mwaka 1882 mapadri wenyewe wakaondoka Buganda, wasirudi mpaka 1885, na wanafunzi wao wakabaki wakifundishana. Mwezi Mei 1886, pale Munyonyo, hasira ya Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, ilipofika kileleni, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku vijana wanne waliokuwa bado wanafunzi: Kizito, Mbaga, Gyavira na Mugagga. Hakuwa padri. Hakuna aliyewauliza juu ya miaka minne. Kulipokucha Mwanga akawatenga watumishi wake: wanaosali wakae kule, wasiosali wabaki naye. Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, akaenda upande wa wanaosali. Mbaga alibembelezwa na mkuu wa wauaji, Mukajanga, aliyekuwa ndugu yake wa karibu, aseme tu kwamba hasali tena. Hakusema.

Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu. Waanglikana wana 23 wao waliouawa nyakati hizohizo, na wapo waliokwenda motoni kabla ya kupata ubatizo wa maji. Kanisa tangu karne za mwanzo limekubali kwamba mwanafunzi anayeuawa kwa ajili ya Kristo amebatizwa kwa damu yake. Kizito alijua nini juu ya Utatu? Alijua kidogo mno kuliko mtoto yeyote wa shule ya msingi leo aliyepita mafundisho ya kipaimara. Ungempa mtihani wa katekisimu angeanguka. Lakini alijua nani ni bwana wake, na alilisema hadharani mbele ya mtu aliyeweza kumuua. Kanisa likaona inatosha, na likamweka juu ya altare.

Na Mwanga? Alipinduliwa, akarudishwa, akapigana na Waingereza, akakamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro na kupelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899. Huko akabatizwa kwa jina la Danieri, katika Kanisa la Kianglikana, akafa mwaka 1903 akiwa muumini wa kanisa lilelile ambalo watu wake aliwachoma. Wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo. Mimi naona hapo Kanisa lilikuwa na msimamo mmoja usioyumba. Ungamo fupi lililomwingiza Kizito usiku mmoja ndilo lililomwingiza muuaji wa Kizito miaka mingi baadaye, na ukilikataa kwa wa pili, utalazimika kulitilia shaka kwa wa kwanza.

Wale wanaoona ungamo halitoshi wamekuwepo siku zote, na wengi wao ni watu wa kweli kabisa. Uamsho wa miaka ya 1930, ule wa akina Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, uliwashtua Waanglikana waliokuwa wamepoa. Walokole walisema: umebatizwa, sawa, umeokoka? Wakataka toba ya wazi, wizi urudishwe, ulevi uachwe, mbele za watu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wakiongozwa na William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kunyamaza. Uongozi ulikosea kuwafukuza. Walokole nao, pale walipoanza kusema kwamba asiyeungama kwa namna yao si Mkristo, walikosea. Kilichowaokoa wote wawili ni kwamba walokole, tofauti na makundi mengi ya uamsho kwingineko, hawakutoka kuanzisha kanisa lao. Walibaki, wakazeeka ndani, wakawa maaskofu. Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa chini ya Amin mwezi Februari 1977, alikuwa mmoja wao. Hoja ya nani ni Mkristo wa kweli ilibaki hoja ya ndugu, ikazaa matunda.

Kuna kisa kingine kinachosimama kama kioo cha Abayudaya. Reuben Spartas Mukasa, Mganda aliyechoshwa na kanisa la wamisionari, alitangaza mwaka 1929 kwamba yeye ni Mworthodoksi. Alikuwa amepata habari za Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, lililoanzia kwa watu weusi wa Marekani, na mwaka 1932 askofu wa kanisa hilo kutoka Afrika Kusini akampa upadri. Kisha wenyeji wa Ugiriki walioishi hapa wakaona ibada ile si ya Kiorthodoksi wanayoijua wao. Spartas angeweza kukasirika. Badala yake alifuatilia, akapata mwongozo kwa padri Mgiriki aliyekuwa Tanganyika, akajifunza, akaandika barua, akasubiri, na mwaka 1946 Patriarki wa Alexandria akawapokea. Kabla ya hapo aliamini Mungu mmoja, Kristo na ufufuo. Baada ya hapo aliamini hayohayo. Kilichoongezeka ni watu wa kusema: huyu ni wetu.

Nakiri kwamba kisa hiki kinaibana hoja yangu, na naona ni vizuri kibane. Ungamo halitamkwi hewani. Linatamkwa mbele ya watu, na wale watu nao wana sehemu yao ya kulipokea. Mtu hawezi kujitangaza peke yake chumbani kuwa Mworthodoksi, kama vile hawezi kujioza mwenyewe. Spartas alilielewa hilo kuliko wengi wanaomsifu leo kama mpinga wazungu tu.

Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, limekwenda njia ya kinyume. Tangu 2003 lilivunja ushirika na Kanisa la Episkopali la Marekani. Mwaka 2008, mkutano wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, huko Yerusalemu ulitamka kwamba utambulisho wa Mwanglikana hauamuliwi lazima na kutambuliwa na Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 2023, baada ya sinodi ya Kanisa la Uingereza kuunga mkono baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, Askofu Mkuu Stephen Kaziimba na wenzake walikataa kuendelea kumtambua wa Canterbury kama kiongozi wa ushirika huo. Spartas alikuwa na imani akatafuta kiti cha kumtambua. Waanglikana wetu wanasema kiti kikiacha imani, imani inabaki nasi. Msomaji ataona kwamba hapo neno imani limeshakuwa refu kuliko imani ya mitume, maana hakuna mstari wa imani ya mitume unaotaja ndoa. Wanaotetea uamuzi huo wanajibu kwamba mamlaka ya Maandiko yako ndani ya imani hata kama hayakutajwa. Ni jibu zito. Hata hivyo, kanisa likishasema kwamba fundisho fulani la maadili ndilo mpaka wa kuwa Mwanglikana, lijiandae kuulizwa kwa nini rushwa, ambayo manabii waliisema zaidi, haijawahi kuvunja ushirika na mtu yeyote Kampala.

Kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, mpaka mgumu zaidi umekuwa ule wa Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa India aliyedai unabii, na wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kwa njia ya pekee. Mwaka 1953 Waahmadiyya walichapa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, aliandika akiwa anawajibu wao pia. Hapa siwezi kusema ni ugomvi wa vyeo. Kwamba utume ulikhitimishwa kwa Muhammad, rehema na amani zimshukie, si pambo la Uislamu. Liko ndani ya shahada kwa jinsi Waislamu karibu wote walivyoifahamu tangu mwanzo. Jumuiya ina haki ya kusema: fundisho lenu kuhusu Mirza Ghulam Ahmad limegusa kiini, hatuwezi kuswali nyuma yenu. Al-Farsy alilisema kwa kalamu, kwa hoja, kwa aya juu ya aya, na ndivyo mwanachuoni anavyopaswa kufanya. Pakistan mwaka 1974 ililisema kwa katiba, na hapo ndipo ninapotoka. Hukumu ya elimu inaweza kujibiwa kwa elimu. Hukumu ya dola inajibiwa na polisi.

Uganda imekwisha kuionja dola inayopanga dini. Baada ya Wakristo kushinda vita vya miaka ya mwisho ya 1880, vyeo vya Buganda viligawanywa kwa dini, na chifu aliyehama dini alitakiwa akiache cheo chake. Mkataba wa 1900 ukaimarisha mgawanyo: Katikkiro, yaani waziri mkuu, Mprotestanti, jaji mkuu Mkatoliki, Waislamu wakipewa sehemu ndogo, Butambala. Watu wakajifunza kwamba kusema mimi ni nani mbele ya Mungu ni pia kusema ardhi yangu iko wapi. Vyama vilipokuja, wananchi wakaisoma DP, chama cha Democratic Party, kuwa Dini ya Papa, na kila mtu alielewa. Amin naye mwaka 1977 akayapiga marufuku makundi ya dini zaidi ya 20 kwa tangazo moja. Katiba ya 1995, ibara ya 7, ikafunga ukurasa huo: Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 29 ikampa kila mtu haki ya kuwa katika dini na kushiriki mambo yake.

Ndiyo sababu ugomvi wa ndani unanisikitisha zaidi ya ule wa nje. Katika miaka ya 1920, kiongozi wao Nuhu Mbogo akiwa amefariki mwaka 1921, Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya swali hili: ukishaswali Ijumaa, uswali tena adhuhuri? Kundi lililoitwa Juma likasema hapana, lililoitwa Zukuli likasema ndiyo, na mgawanyiko ukajengewa misikiti. Swali ni halali kabisa katika fikihi, na wanazuoni wakubwa wametofautiana juu yake bila kutengana. Lilichukua nguvu kwa sababu uongozi ulikuwa wazi na watu walitaka kuushika. Mwaka 2009 kambi ya msikiti wa Kibuli ilipomchagua Mufti wake kando ya yule wa msikiti wa Old Kampala, hata swali la fikihi halikuhitajika; madai yalikuwa juu ya mali na uongozi.

Iko hadithi katika Sahihi Muslim ambayo kila khatibu anaijua. Usama bin Zayd alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka kwamba hapana mola ila Allah. Akajitetea: alisema kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza, je, uliupasua moyo wake ukajua? Akakariri hadi Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Makhawariji walioibuka baadaye, waliomtoa katika Uislamu kila mwenye dhambi kubwa, walikuwa watu wa ibada nyingi kuliko wengi wetu, na hawakuwa wamelisikiliza swali hilo. Tamko la Amman, lililotolewa mwaka 2004, na mkutano wa wanazuoni uliofuata mwaka 2005, ulijaribu kulirudisha: anayefuata moja ya madhehebu manane yaliyotajwa ni Mwislamu, na hairuhusiwi kumkufurisha.

Huku kwetu kumkufurisha mtu hufanywa kwa spika. Na wachungaji hawako nyuma. Mkatoliki anaambiwa na jirani yake mlokole, mbele ya watoto, kwamba yeye si Mkristo ila mwabudu sanamu. Sensa ya 2014 ilihesabu Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32.0, Waislamu 13.7 na Wapentekoste 11.1. Waliosema dini yao ni ya jadi hawakufika hata asilimia moja, ilhali mahali pa ibada za jadi, kama mashimo ya Walumbe pale Tanda na maporomoko ya Ssezibwa, hapakosi wageni, na wageni hao wana majina ya ubatizo na ya Kiislamu. Ukitaka kuwatoa wote katika dini zao, utabaki na makanisa matupu na misikiti yenye safu moja. Afadhali kuwafundisha.

Nani anaumia katika haya yote? Aliyekufa, na wanaomzika. Mimi natoka katika ukoo wenye Waislamu na Waanglikana, na ninajua kwamba uanachama wa dini Uganda haupimwi kwenye semina. Unapimwa msibani. Hapo ndipo katekista anapouliza kadi, kama marehemu alifunga ndoa kanisani, kama michango ya parokia imelipwa. Hapo ndipo kamati ya msikiti inapouliza alikuwa wa upande gani. Mama wa watu anakaa uani huku wanaume wanajadili kama mwanawe atasomewa au hatasomewa, na mara nyingi kilichoandikwa kwenye daftari kinashinda kile alichokiri marehemu maisha yake yote.

Mabaraza ya parokia na kamati za misikiti zinaweza kulibadilisha hili bila kusubiri Roma, Makka wala bunge. Waandike sharti la mazishi kwa uwazi: ushahidi wa watu wawili kwamba marehemu alibatizwa, au kwamba alitamka shahada na hakuikana, unatosha kwa ibada kamili. Mambo ya ndoa yake, matendo yake na upande alioswali aachiwe Mungu, ambaye kwa dini zote hizi ndiye hakimu. Na michango isiyolipwa iandikiwe familia barua baada ya arobaini, isitajwe siku ya kaburi.